Anzeni na Breki

Mwanangu Prosper,

Kuna mlio mmoja ambao sijawahi kukusimulia. Ni mlio wa cheni ya pikipiki iliyolegea, ikigonga bati la kuikinga: cheke, cheke, cheke. Ulipita nje ya nyumba yetu kila asubuhi kwa wiki tano, na ulisikika vizuri kwa sababu injini ilikuwa imezimwa. Baba yako aliisukuma pikipiki kutoka uani, akakaa juu yake, akauachia mlima umbebe hadi Himo bila kuchoma tone la mafuta. Huku kwetu wote walifanya hivyo, wenye pikipiki na hata wenye magari mabovu ya kubebea ndizi. Mtindo huo waliuita kuteremka bure. Mimi nilikuwa jikoni nachochea moto, nikiusikia mlio ukipita nyuma ya migomba, ukipungua kwenye kona ya mfereji, kisha ukipotea. Asubuhi ya mwisho haukupungua kwenye kona.

Naandika nikiwa darasani, kwenye dawati la mtoto wa darasa la tatu, magoti yamegusa mbao. Wanafunzi wameshaondoka. Wewe umekwenda Mwika kumuaga bibi, utarudi jioni, na kesho asubuhi unaondoka kwenda Sanya Juu kutibu ng'ombe wa watu, kazi ileile ya baba yako. Habari za blanketi, dawa ya malaria na nani wa kukufulia siziandiki. Shangazi yako amezisema mpaka umeziba masikio. Ningeweza kungoja nikupigie simu ukishafika, lakini najijua. Kwenye simu ningekuuliza umekula nini, ungejibu, vocha ingeisha, nami ningeshukuru kwamba imeisha.

Tangu tugombane, wiki tatu sasa, unaniamkia kama mpangaji anavyomwamkia mwenye nyumba. Siku ile ulikuja kutoka Rau uso umechangamka, viatu vimejaa tope, hata mlango hukuufunga.

"Mama, nimeipata! Ya katekista mstaafu. Imekaa chini ya mparachichi miaka mitatu, kuku wanatagia kwenye siti, lakini kila kitu kipo."

"Kila kitu kipo, na kuku pia," nikasema.

Ulicheka. Ulidhani nimekubali. Ukaanza kunieleza yale niliyokuwa nayajua: kwamba wafugaji wa Sanya wanakutaka, ila wamekupa miezi miwili uwe na usafiri wako, la sivyo watamchukua mwingine. Ng'ombe aliyevimba tumbo hamsubiri mtu wa kuja kwa miguu. Nikakwambia hapana.

"Hujaiona hata!"

"Sihitaji kuiona. Pikipiki ilimuua baba yako."

Ukanitazama kama mtu aliyesikia mwalimu akikosea hesabu ya kujumlisha. "Pikipiki ni chuma, mama. Baba aliuawa na Elia."

Niliacha chakula nikatoka kwenda kwa ng'ombe. Ulidhani nimekasirika. Sikukasirika, Prosper. Nilikuwa nimeusikia uongo wangu ukisemwa na mtu mzima, kwa sauti nzito ya baba yako, na ulisikika kama kweli.

Basi nisikilize.

Baba yako alikuwa bwana mifugo wa serikali mpaka walipoanza kupunguza watu kazini. Barua ilikuja katika bahasha ya kaki, ikamshukuru. Watu waliendelea kumwita, maana ng'ombe hawakupunguzwa, naye aliendelea kwenda, kwa miguu, na mkoba wake wa dawa begani. Siku moja aliitwa kwa mama mmoja mjane huko juu, karibu na msitu. Alipofika, ng'ombe alikuwa ameshalala ubavu na macho yamegeuka. Ng'ombe yule ndiye aliyesomesha watoto wa nyumba ile. Baba yako aliporudi hakula. Alikaa kizingitini akikwangua tope kwenye buti kwa kijiti, hata pale ambapo tope lilikuwa limekwisha.

Baada ya hapo ndipo aliposikia kwamba mradi mmoja uliofungwa unauza vitu vyake, na kati ya vitu hivyo iko pikipiki nyekundu, ya zamani, haiwaki. Alikuja kuniuliza mimi. Unajua mila yetu: kahawa ni ya mume, maziwa na ndizi ni za mke. Na miaka ile kahawa ilikuwa imeanguka mpaka watu wanapanda maharage katikati ya mibuni. Kwa hiyo aliyekuwa na uwezo wa kusema ndiyo au hapana katika nyumba ile alikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilikuwa nimesoma. Nalitaja hilo kwa sababu lina sehemu yake katika kosa langu. Nilichukua daftari, nikachora mstari katikati ya ukurasa, upande huu sababu za kununua, upande ule sababu za kuacha. Niliupenda sana mstari ule. Niliamini kwamba jambo lolote likishapangwa pande mbili haliwezi tena kumdhuru mtu. Baba yako alikaa kando yangu akinitazama nikiandika, akasema, "Mke wangu, ungekuwa mwanamume wangekupa uwaziri." Tukainunua.

Tuliipeleka kwa Elia, Himo. Wakati ule alikuwa ndiye fundi wa pikipiki anayetegemewa, na chini ya mti wake wa mgrevilea hakukosekana watu wanne watano wakisubiri zamu. Aliizunguka pikipiki yetu mara mbili bila kuigusa. Kisha akataja ugonjwa wake: silinda imekwisha, inataka kuchongwa na kuwekwa ringi mpya, cheni imelegea, breki za mbele na nyuma hazina kitu. Tulimwambia yote kwa pamoja hatuyawezi.

"Basi anzeni na breki, mwalimu," akaniambia mimi, maana aliona nani ameshika daftari. "Injini mbovu itawaacha njiani, mtarudi kwa miguu mkinitukana. Lakini breki..."

Nikamkatiza. "Fundi, pikipiki yenyewe haiwaki. Inakwenda wapi mpaka tuisimamishe?"

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Elia, leo umekutana na kitabu!" Baba yako alicheka kuliko wote, akanishika bega mbele za watu, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawalifanyi. Alijivunia. Elia alifuta mikono kwa kitambaa, akangoja kicheko kiishe, akasema mara ya pili, polepole, "Mlima wenu naujua, mwalimu."

Nikalikata neno breki kwenye daftari, na pembeni yake nikaandika: Desemba. Desemba ndugu wote wangerudi nyumbani kwa Krismasi, wangetuchangia fedha za breki.

Baba yako alikufa Novemba.

Nilikuwa na ukuni mkononi nilipousikia mlio ukipita kwa kasi isiyo yake. Wewe ulikuwa kizingitini unakula ndizi. Ulisema, "Baba anakimbia." Hukumbuki, nami sijawahi kukukumbusha. Watu husema hawakuamini mpaka walipoambiwa. Mimi nilijua nikiwa bado nimeinama kwenye mafiga, kabla sijasikia kitu kingine chochote, kwa sababu nililiona lile neno nililolikata. Baadaye, walipokwisha kumzika pale kwenye kihamba, shamba la ukoo, nililitafuta daftari nikalitia motoni. Nilifikiri nachoma ushahidi. Nimelisoma kila siku tangu hapo.

Siku ya tatu babu yako aliwaita wazee wa ukoo. Mtu mzima anayezika mtoto wake hawezi kukaa hivihivi, lazima atafute mahali pa kuuweka mzigo. Akasema, "Chombo kilitoka kwa Elia juzi juzi tu." Wote wakaitikia. Nilikuwepo, nimekaa kwenye mkeka, nimekupakata. Nilikuwa na nafasi ya kusema, Prosper. Hakuna aliyenizuia. Palikuwa na kimya kirefu kabisa, cha kutosha mtu kusema sentensi moja.

Nilijiambia nanyamaza kwa ajili yako. Mjane wa miaka ile, kwenye kihamba cha wakwe, akisema kwamba ni yeye aliyekataa breki, usiku huo angelala wapi? Ungekua ukiipita migomba ya baba yako barabarani kama mgeni. Hiyo ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba niliona haya. Niliwachekesha watu pale Himo, na sikutaka mtu yeyote akumbuke kicheko kile.

Wiki iliyofuata Elia alikuja nyumbani. Alikuja na mzee wa kwao, na mtungi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, na jani la isale mkononi. Unajua kwetu isale halikataliwi. Aliyekosewa akiletewa jani lile, hata kama moyo wake unawaka, hulipokea. Elia alisimama mbele ya babu yako akasema, "Pikipiki ilitoka mikononi mwangu. Naombeni mnisamehe." Hakusema zaidi. Wala hakuyainua macho kunitazama mimi. Babu yako akalipokea jani. Na mimi, mwanangu, niliinuka nikachota mbege kwenye kata, nikampelekea Elia anywe, kama mtu niliyemsamehe.

Ila jani halirudishi wateja. Pale Himo vijana walipata mzaha mpya: "Peleka kwa Elia, anatengeneza na jeneza humo humo." Mgrevilea wake ukabaki na kivuli kitupu. Ulipokuwa na miaka minane tulikutana naye sokoni, amebeba tairi la baiskeli. Ulimrushia jiwe likampata kwenye mguu. Aligeuka, akakuona, akaniona, akaendelea na safari yake. Nilikushika mkono nikakuvuta, na mbele kidogo nikakununulia muwa. Hulikumbuki jiwe labda, lakini muwa ule bado unausimulia, jinsi ulivyokuwa mtamu. Mwaka huohuo alihama.

Nimefikiri sana juu ya makosa haya mawili. La breki lilichukua dakika moja, nikiwa kijana, nikiwa napendwa, watu wanacheka. Hilo nadhani hata baba yako angenisamehe. Pengine angekiri kwamba naye ana lake, maana alijua mlima kuliko mimi na aliteremka bure kwa hiari yake. Lakini la kunyamaza nililifanya upya kila asubuhi kwa miaka kumi na minne, nikiwa na akili timamu, nikichemsha chai. Sina hakika nikupe nasaha gani hapo. Ninachojua ni kwamba kila mwaka niliongeza sababu nzuri zaidi ya kungoja, na zote ziliandikika vizuri sana upande mmoja wa mstari.

Jumanne iliyopita nilichuma jani la isale kwenye kaburi la baba yako, nikashuka mjini. Nilikuwa nimeulizia kwa siri: Elia yuko Pasua, anatengeneza baiskeli na matoroli chini ya bati, karibu na wauza mkaa. Amezeeka. Miwani yake imefungwa kwa waya. Palikuwa na wateja wawili, mama mwenye toroli na mzee mmoja wa baiskeli.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Kisha akanyanyua uso. "Mwalimu."

Nilishika jani kwa mikono miwili, nikasema mbele ya wale wawili, kwa sauti, kwamba mwaka ule yeye alisema tuanze na breki, na mimi ndiye niliyekataa, na nikamwacha achukue kosa langu. Nilikuwa nimejifunza maneno yale njiani kama mtoto anayekariri shairi. Yalikwisha upesi kuliko nilivyodhani.

Hakulipokea mara moja. "Unajua mimi siwezi kulikataa," akasema.

"Najua. Ndiyo maana naona aibu kulileta."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa. Na wewe, kwa nini hukusema?"

Alilizungusha gurudumu la baiskeli lililokuwa mbele yake, akalitazama mpaka lilipotulia. "Ulikuwa umempakata mtoto. Baba mkwe wako amekaa, wazee wamekaa. Nikafikiri utasema mwenyewe. Baada ya arobaini. Basi, baada ya mwaka. Mke wangu alifariki akijua mumewe aliua mtu kwa uzembe. Hakunilaumu hata siku moja, mwalimu. Lakini hakupanda tena chombo nilichokitengeneza mimi. Tukienda kanisani, yeye anatembea, mimi nasukuma."

Yule mama wa toroli alisema, "Jamani," kisha akatazama pembeni. Mimi sikulia. Nilitamani, ila niliona kulia mbele yake kungekuwa ni kumwomba kitu kingine tena.

Alilipokea jani, akaliweka mezani, akaliwekea spana juu lisipeperuke. Kisha akauliza, "Mtoto yuko wapi siku hizi?"

Nikamwambia: amekuwa mtu wa ng'ombe kama baba yake, anakwenda Sanya, na ameona pikipiki kuukuu Rau nami nimemkatalia.

"Kuukuu kiasi gani?"

"Kuku wanatagia."

Akatabasamu kidogo, akavaa koti. Tulikwenda Rau kwa miguu, yeye mbele. Katekista akatuondolea kuku. Elia hakujaribu hata kuiwasha. Aliisukuma hadi penye mwinuko wa uwanja, akaiachia iteremke huku amekamata breki ya mbele, akairudisha, akairudia tena na ya nyuma. Akalala chini akaipapasa shasi kwa vidole kama baba yako alivyokuwa akipapasa tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Alipoinuka alisema haijawahi kuvunjika wala kuchomelewa. Yaliyobaki ni kazi, na kazi ni nyingi. "Inanunulika. Lakini usiniulize kama uinunue, mwalimu. Hilo siku hizi sisemi."

Juzi usiku nilimwambia babu yako. Nilipiga magoti nikamweleza yote, kuanzia daftari. Jana asubuhi nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Leo pia. Anakunywa chai anayoletewa na shangazi yako, yangu inapoa. Sijui kitakachoamuliwa kuhusu mimi kukaa hapa, na sikuandikii ili unitetee. Kihamba ni chako, umeshakua, hakuna anayeweza kukuondoa. Ndiyo maana nimeweza kusema sasa, na ndiyo maana nakuomba usinisifu kwa ujasiri. Nimesema siku ambayo kusema hakukugharimu wewe kitu.

Huko Sanya kuna miteremko mirefu. Utaona wenzako wakizima injini juu ya kilima wakiteremka bure. Sina la kukwambia juu ya hilo zaidi ya ule mlio.

Pikipiki nimeinunua, Prosper. Niliinunua Jumatano, mlangoni kwa katekista, na tuliisukuma kwa miguu kutoka Rau hadi Pasua, Elia ameshika usukani, mimi nyuma, watu wakitushangaa. Ikiwa tayari ataileta Sanya Juu mwenyewe. Ameomba hivyo, anataka kuiendesha njia yote kabla hujaikalia. Utakapomwona anakuja, msalimie yeye kwanza, kisha ndiyo uitazame pikipiki. Mpe shikamoo yake ya miaka kumi na minne.

Injini haijawaka bado. Kabureta imejaa kutu, cheni haifai. Tulipoifikisha chini ya bati lake, Elia aliniuliza tuanze na nini. Alikuwa anajua, ila alitaka alisikie lile neno kutoka kwangu, na wateja wake wa siku hiyo walikuwa wamesimama palepale. Nikalisema. Nilipoondoka, gurudumu la mbele lilikuwa limeshafunguliwa.

Mama yako